Adhana Ikiita, Kete Zilale

Mlio ndio uliotuinua. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 4 Machi 2023, katika siku za mwezi wa Shaabani. Tulikuwa tumeketi uani kwa mwenzetu, mtaa wa Njoro hapa Moshi, wazee watano tunaozungumza habari za bei ya mahindi na mvua za masika. Kutoka barazani, upande wa mbele wa nyumba, tukasikia kitu kigumu kikigonga meza, kikabiringika, kikatulia. Vijana wakashangilia. Kikagonga tena, kikabiringika, na mara hii wakaguna. Hapana mtu mzima asiyeujua mlio ule. Ulikuwa mlio wa dadu.

Tuliinuka pamoja bila kuambiana, na tunamwomba msomaji atuelewe. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, mjukuu wa mmoja wetu alikuwa amemaliza ada yake ya muhula mzima katika kubeti mipira, na deni lilipomzidi akaiuza simu ya mama yake. Nyumba ile ilikaa miezi mingi watu wake hawatazamani usoni. Kwa hiyo tulipotokea barazani hatukutokea kama mababu. Tulitokea kama askari.

Tuliwakuta vijana sita wameizunguka meza. Juu yake palikuwa na karatasi, penseli, sahani ya karanga, ramani iliyochorwa kwa mkono, na dadu za maumbo ambayo hatujawahi kuyaona: moja ya pande 4 kama piramidi, nyingine ya pande 8, nyingine ya pande 20, karibu kuwa mviringo. Fedha haikuwapo. Mwenzetu mmoja alidiriki hata kuinua karatasi kutazama chini yake, asikute kitu ila maganda ya karanga.

Mjukuu wa mwenye nyumba, anayesomea ualimu chuoni na alikuwa nyumbani kwa likizo, alisimama kwa adabu.

"Shikamooni babu zangu. Hatuchezi kamari. Leo tunamkumbuka mzee aliyeuanzisha mchezo huu. Alifariki tarehe kama ya leo, miaka 15 iliyopita. Alikuwa Mmarekani, na kuna wakati aliishi kwa kutengeneza viatu."

Tulikuwa tumekuja na maneno makali tayari mdomoni. Aliposema viatu, maneno yale yakatukauka. Tulitazamana, kila mmoja akajua mwenzake anamwaza nani.

Sisi nasi tulikuwa na fundi viatu wetu. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa na kibanda chini ya mwembe, kando ya njia iendayo soko la Mbuyuni. Kwao ni Pangani. Alikuja Moshi akiwa kijana, kwa garimoshi la Tanga, akiwa na sindano zake, nta, uzi, na mzigo mmoja mzito uliofungwa ndani ya mkeka. Mzigo huo ulikuwa bao la mninga, na ndani ya kifuko cha turubai zilikuwamo kete zake 64, komwe za kijivu, ngumu kama mawe ya mtoni.

Wengi wetu tuliozaliwa migombani, Machame na Kibosho na Old Moshi, tulikuwa hatujui bao. Mchezo wetu ulikuwa drafti, kwa vizibo vya soda juu ya kipande cha mbao. Bao tulilijua kwa picha za Mwalimu Nyerere akiwa ameinama juu yake, mkono umejaa kete. Fundi ndiye aliyetufundisha, mmoja baada ya mmoja, huku akishona soli. Hakuwa akiinua macho kwenye kiatu mpaka tukosee.

Kwa vijana wanaosoma ukurasa huu na hawajawahi kulikaribia bao, tuseme kwa ufupi lilivyo. Lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake. Shimo moja katika safu ya mbele huitwa nyumba, na kwa kawaida huchongwa mraba ili lijulikane. Mchezo huanza nyumba ikiwa na kete 6, na mashimo mawili ya jirani yake yakiwa na kete mbili mbili. Zile 22 zinazobaki mchezaji huzishika, akiziingiza ubaoni moja moja. Kipindi hicho ndicho kunamua. Kete za mkononi zikiisha, huingia kipindi cha mtaji, ambapo hutembea zile zilizo ubaoni tu. Unakula kete za mwenzako na kuzipanda upande wako, na ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu yako imelala. Anayemalizwa safu yake ya mbele amefungwa. Hakuna karata iliyofichwa wala dadu. Kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote, na anayeshindwa hana wa kumlaumu.

Fundi alipenda sana kutuonya kuhusu nyumba. Mchezaji mgeni, akishaona kete zimejaa mle, huwashwa mkono. Huzichota zote na kuzitawanya, akajiona bingwa kwa dakika moja, kisha akabaki mtupu. "Nyumba inakulinda," alikuwa akisema, "na wewe iko siku unaivunja kwa tamaa ya kuonekana." Tulidhani anazungumza habari za bao. Baadaye, kila mmoja wetu kwa wakati wake na kwa kosa lake, tulikuja kufahamu kwamba bao lilikuwa nusu tu ya maneno yale.

Barazani kwake palikuwa na masharti matatu. Hapawekwi fedha, hata ya kununulia kahawa. Hapachezwi kabla ya Alasiri, kwani asubuhi ni ya kutafuta riziki. La tatu ndilo lililotushinda sana mwanzoni: muadhini wa Magharibi akianza, mchezo umekoma pale pale, hata kama mkono umo hewani na kete zimebaki mbili kupandwa. Fundi huweka chini sindano na kusema, "Adhana ikiita, kete zilale." Bao hufunikwa kwa kipande cha ngozi, likabaki vile vile hadi kesho yake. Tulikuwa tunakwenda msikitini, kisha tunarudi majumbani kwetu. Jirani zetu Wakristo waliokuwa wakicheza nasi nao waliondoka saa ile ile. Upo mchezo mmoja tunaoukumbuka uliochukua siku tatu, na hapana aliyethubutu kuigusa kete usiku.

Tulimsifu sana kwa sharti lile. Tulisema ni hekima ya mtu wa pwani. Tulilisimulia kwa watoto wetu, na mmoja wetu alilitaja hata katika nasaha za harusi. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu tulikuwa tumekosea.

Fundi alifariki mwaka 2019, wakati wa masika. Tulimswalia baada ya Adhuhuri, tukambeba kwa zamu katika matope, tukamzika. Tulihudhuria hitima. Kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Chini ya mwembe sasa kuna kibanda cha kutolea na kutumia fedha kwa simu. Hatukuuliza bao liko wapi. Tukisema kweli, hatukuuliza hata mjane wake anaishije. Kutoka Njoro hadi Majengo si mbali. Mtu hutembea kwa mguu na asitokwe na jasho. Miaka minne hatukutembea.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mioyoni mwetu tulipowaambia vijana wakae, nasi tukavuta viti.

Kijana akatusimulia. Mzee wao aliitwa Gary Gygax, mzaliwa wa Chicago mwaka 1938, aliyeishi katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima na baba wa watoto kadhaa. Mwaka 1970 akapoteza kazi hiyo, akaanza kutengeneza viatu katika chumba cha chini cha nyumba yake. Muda uliobaki aliutumia katika michezo ya mezani ya kuigiza vita vya kale, aliyoipenda tangu ujana. Katika jimbo jirani la Minnesota alikuwapo kijana aitwaye Dave Arneson, ambaye mwaka 1971 alianza kuwachezesha marafiki zake kwa namna mpya: badala ya kila mchezaji kuongoza jeshi zima, kila mmoja aliongoza mtu mmoja tu, mwenye jina, tabia na uwezo wake, na mtu huyo aliendelea kuishi kutoka kikao hiki hadi kingine. Arneson akampelekea Gygax wazo hilo, Gygax akalipangia kanuni na kuziandika, na mwaka 1974 mchezo ukatoka ukiwa na majina yao wote wawili. Waliuita Dungeons & Dragons. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000, zikapangwa kwa mkono ndani ya maboksi, nyumbani.

"Unachezwaje?" tukauliza, maana hatukuona ubao.

"Mmoja wetu ni msimulizi," akajibu. "Anasema: mmefika mtoni, maji yamejaa, daraja limekatika, nyuma yenu wanakuja watu wasiowapenda. Mnafanyaje? Kila mmoja anasema atakalofanya. Kama ni jambo lenye shaka, dadu huamua limefaulu au halikufaulu. Kisha hadithi inaendelea. Hapana mshindi, babu. Tunafika pamoja au tunazama pamoja."

Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, akacheka. Akasema bibi yake kule Machame alikuwa akiufanya mchezo huo kila usiku, mbele ya moto, ila yeye hakuwaruhusu wajukuu kusema watakalofanya. Walikuwa wakisikiliza tu, mpaka walale.

Kijana akaendelea. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi huko Marekani, na watu wengi wa kanisa, waliuogopa mchezo huu. Walisema unawafundisha vijana uchawi na kuwapeleka kwa mashetani. Mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe aliunda hata chama cha kuupinga. Madai yale hayakuthibitika, lakini hofu ilikuwa kubwa. Tulimsikiliza mama yule wa mbali kwa huruma, kwani dakika chache tu zilizopita tulikuwa tumeinuka uani kwa hofu ya namna hiyo hiyo.

Gygax alifariki tarehe 4 Machi 2008, na Arneson akamfuata mwezi wa Aprili 2009. Gygax alipokwisha kuzikwa, jamaa na wachezaji wenzake hawakutawanyika. Walikaa, wakatoa meza, wakacheza. Mwaka uliofuata wakakusanyika tena, na tangu hapo wamekuwa wakikutana Lake Geneva, watu kutoka nchi mbalimbali, wengi wao hawakumwona kwa macho yao hata siku moja.

Hatujui habari za imani ya mtu yule, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Lakini jambo lile la kutotawanyika lilituingia kama mwiba. Vijana hawa wa Njoro walikuwa wanamkumbuka fundi viatu wa ng'ambo ambaye hawakuwahi kumpa mkono. Sisi tulikuwa na wetu, aliyetushonea viatu vya watoto wetu na kusubiri malipo mpaka mwisho wa mwezi, na tulikuwa tumemwacha makaburini.

Hata hivyo hofu ya kwanza ilikuwa bado haijajibiwa, na sisi ni watu tunaoulizwa kuhusu wajukuu wetu. Baada ya swala ya Ishaa siku ile tuliwapeleka vijana wawili kwa imamu wa msikiti wetu, tukamweleza yote bila kuficha.

Imamu hakupandisha sauti. Alianza na kamari, akasema Qur'ani imeitaja pamoja na ulevi katika Sura ya Al-Maida, na popote mali inapowekwa ili mmoja aichukue na mwingine aikose, hapana mjadala. Akaja kwenye dadu. Akasema iko hadithi katika Sahihi Muslim inayokemea vikali mchezo wa nardi, ambao uti wake wa mgongo ni dadu, na wanazuoni wengi wamechukua kwamba michezo ya dadu haifai hata pasipo fedha. Kuhusu michezo ya kufikiri kama sataranji, wamehitilafiana. Imamu Shafii aliiona makuruhu pale isipokuwa na kamari wala kumchelewesha mtu swala. "Bao la marehemu," akasema, "naliweka upande huo wa kufikiri, kwa sharti aliloliweka mwenyewe." Kisha akawageukia vijana na kuwauliza kuhusu hadithi wanazosimuliana: je, mna miungu ndani yake? Mna uchawi unaosifiwa? Wakanyamaza kidogo, wakakiri kwamba vitabu walivyovipata vina mambo hayo.

"Basi andikeni hadithi yenu," imamu akasema. "Na dadu ziacheni. Mkiwa na haja ya kukata shauri, Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake. Kura isiyo na mali si kamari. Lakini yote haya yakiwapitishia swala, mimi na nyinyi tutakuwa na mazungumzo mengine."

Tukiwa njiani kurudi, kijana wetu alikuwa kimya. Tulidhani amekasirika. Mara akasema, "Babu, tukipata mbegu 20 zinazolingana, tukaziandika namba moja mpaka 20, tukazitia kwenye mfuko, mtu akichomoa moja ni sawasawa na dadu la pande 20. Ila ziwe ngumu na zifanane. Mbegu kama hizo zinapatikana wapi?"

Hatukumjibu papo hapo. Sote watano tulikuwa tunajua mahali pamoja tu mjini Moshi ambapo komwe zilikuwapo.

Tulikwenda Majengo Jumatano iliyofuata, baada ya Alasiri. Tulichukua sukari, mchele na sabuni, kama wafanyavyo watu wenye hatia. Mjane alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Akatutandikia mkeka, akatuletea chai ya tangawizi, akamuuliza kila mmoja habari za mkewe kwa jina. Tulipomaliza kuomba radhi, kila mmoja kwa udhuru wake ulio mwembamba kuliko wa mwenzake, alitikisa kichwa.

"Shemeji zangu, sikuwahi kuwakasirikia. Nilisema bao limekufa na mwenyewe, na watu wake wamekufa nalo."

Akaingia ndani, akalitoa. Lilikuwa limefungwa ndani ya mkeka, kama lilivyofika kutoka Pangani. Alikuwa akilipaka mafuta ya nazi ili mninga usipasuke. Tuliliweka katikati, na ili kuficha macho yetu, tukaanza kupanga kete kwa mchezo wa kwanza. Mwalimu mstaafu alipanga upande huu, dereva wetu wa zamani akapanga upande ule. Mjane alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

"Nyumba ya shemeji ina kete tano," akasema.

Tukahesabu. Zilikuwa tano.

Miaka yote ile hatukujua kwamba anacheza. Tulimuuliza ni nani aliyemfundisha, naye akatushangaa. Bao lile lilikuwa la baba yake. Yeye ndiye aliyejifunza kwanza, nyumbani kwao Pangani, na marehemu alipokwenda kuposa, wazee walimpima akili kwa bao lile lile, akafungwa mara mbili. Baada ya ndoa baba mtu akamwachia bao mkwewe, alisogeze mbele maana angali anahitaji mazoezi. Alicheka aliposema hivyo, tukacheka naye.

Ndipo mwalimu akataja lile sharti la adhana. Akasema, katika mambo yote ya marehemu, hilo ndilo lililotufaa zaidi, kwani lilitupeleka msikitini na kuturudisha kwa watoto wetu kukiwa bado kuna mwangaza.

Mjane aliweka birika chini.

"Sharti hilo nililiweka mimi," akasema. "Miaka ya mwanzo alikuwa akirudi saa nne usiku. Watoto wamelala, chakula kimepoa, nami nimeketi na taa. Siku moja nikamwambia: bao ni la baba yangu, na mimi nalijua utamu wake, sikukatazi. Lakini adhana ya Magharibi ikiita na wewe hujafunika bao, basi usiku huo ulale huko huko na bao lako. Akanidhihaki. Usiku wa kwanza nikafunga mlango kwa komeo. Alilala kibandani, juu ya magunia, na mbu. Tangu siku hiyo akawa anafunika."

Hapana aliyesema neno. Tulikuwa tunawafikiria wake zetu. Kwa zaidi ya miaka 30 tulirudi nyumbani mapema, tukala chakula cha moto, tukawasikiliza watoto juzuu zao, na tukajihesabu kuwa waume wema. Kumbe mwanamke mmoja wa Majengo, aliyelala macho siku fulani nyuma ya komeo, ndiye aliyeziweka nyumba zetu sote sawa, wala hatukuwahi kumshukuru, kwa kuwa hatukujua. Fundi hakujisifu kwa sharti lile. Sisi ndio tuliomvika sifa hiyo. Yeye alikuwa akisema tu, "Adhana ikiita," na kuondoka kwa haraka. Sasa tumejua haraka ile ilikuwa ya nini.

Tulimweleza haja ya vijana. Akatuletea kopo la maziwa ya unga lililojaa komwe za akiba, ambazo marehemu alikuwa akiagiza kutoka pwani zile za mwanzo zikipotea. Akahesabu 20 zinazolingana, akazifunga kwenye kitambaa. Lakini bao alikataa kulitoa. "Anayetaka kulicheza aje hapa," akasema. "Nami masharti mnayajua."

Basi ndivyo tunavyofanya. Siku za Jumatano na Jumamosi, baada ya Alasiri, sisi watano tunakwenda Majengo. Wajukuu wa kike wa mjane wanajifunza kwa bibi yao, na tayari mmoja wao, wa darasa la sita, amekwisha kumfunga mwalimu mstaafu mbele ya watu. Jirani wa zamani wa chini ya mwembe wamesikia, nao wanakuja. Yule mjukuu aliyepoteza ada alikuja mara ya kwanza kwa kuvutwa na babu yake, akakaa pembeni na simu. Siku ya tatu aliuliza kwa nini kete ile haikuliwa. Hatusemi kwamba bao limemponya. Deni la mama yake bado analilipa kidogo kidogo, kwa kazi ya kupakia mizigo Mbuyuni. Tunasema tu kwamba saa zile mbili za jioni, ambazo zamani alikuwa nazo peke yake, sasa ana watu wa kukaa nao.

Vijana wa Njoro nao waliandika hadithi yao. Walikuja kutuuliza habari za kale, nasi tukawapa tulizonazo. Hadithi yao ni ya msafara wa mwaka 1848, unaotoka Mombasa kwenda nchi ya Wachaga. Vitabu vya shule hutaja kwamba mwaka huo, tarehe 11 Mei, mmisionari Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro na kuwaandikia watu wa Ulaya. Havitaji sana kwamba aliyemwongoza njia alikuwa Mswahili aitwaye Bwana Kheri, aliyekuwa akiijua nchi hii kabla yake. Rebmann alipouliza kile cheupe kileleni ni nini, kiongozi wake alikisia kwamba ni baridi. Vijana walilipenda jibu hilo kupita kiasi. Katika mchezo wao mmoja ni mpagazi, mwingine tabibu, mwingine mkalimani, na kila kikao hufikiria namna ya kuvuka mto au kupatana na wenyeji bila kumwaga damu. Wakiwa na shaka, mkono huingia mfukoni ukatoka na komwe. Kijana wetu ndiye msimulizi. Jina la kiongozi wa msafara ni Bwana Kheri, wala hapana mchezaji anayeruhusiwa kulichukua. Wanasema wamelihifadhi kwa heshima.

Tarehe 4 Machi mwaka uliofuata walituomba ruhusa wafanye tena kumbukumbu yao ya yule mzee wa Lake Geneva. Tuliwaruhusu, tukawakumbusha wasimsahau Arneson, aliyemletea wazo, ambaye jina lake watu wengi huliacha. Siku hiyo sisi tulikuwa Majengo. Tulimsomea Yasini fundi wetu, tukamwombea maghufira, kisha tukacheza michezo miwili. Wa kwanza ulimalizika. Wa pili ulikuwa katikati ya mtaji, dereva akiwa ameshika kete saba na uso umemng'aa kwa hesabu aliyoiona, pale muadhini alipoanza. Tulitazama mlangoni. Mjane alikuwa amekwisha kusimama pale na kipande cha ngozi mkononi.

Dereva alizirudisha kete saba kwenye shimo lake, tukafunika bao, tukaondoka.

Mwenyezi Mungu amrehemu fundi wetu, ampanulie kaburi lake, na amwafu mjane wake na wake zetu kwa subira waliyotufanyia bila ya sisi kujua. Amin.